Majani Huozaje Bwawani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vimeng'enya vya Maji Baridi

Kila masika yakikolea, Mto Zigi hushuka kutoka milima ya Usambara Mashariki umebeba majani, matawi, udongo na kila kilichoachwa kandokando yake. Mzigo huo huishia bwawa la Mabayani, ambako Jiji la Tanga huchota maji yake. Mvua zikishapungua ndipo maswali yanaponijia: wanafunzi, wafugaji wa samaki wa Muheza na Pongwe, akina mama wanaoshangaa rangi ya maji ndooni. Nimefundisha baiolojia mkoani hapa miaka mingi, na nina mabwawa mawili madogo ya perege, kwa hiyo mengine nilijiuliza mwenyewe kabla sijaulizwa. Nimeyapanga kwa jinsi moja linavyozaa jingine.

Kimeng'enya ni kitu gani hasa? Ni mdudu?

Si mdudu, wala hakina uhai. Ni protini iliyojikunja kwa umbo maalumu. Ndani ya umbo hilo kuna mfuko mdogo ambamo kitu cha kukatwa huingia, hukatwa, vipande hutoka, na kimeng'enya hubaki kama kilivyokuwa, tayari kwa kingine. Jina lenyewe limetoka kwenye kumeng'enya, neno tunalolitumia kwa chakula tumboni.

Mpishi yeyote wa pwani anavifahamu hata kama hajawahi kusikia jina hilo. Nyama ngumu ukiipaka papai bichi lililosagwa ukaiacha kwa muda, inalainika kabla haijaona moto, kwa sababu utomvu wa papai una kimeng'enya kinachokata protini. Ukiisahau, unakuta nyama imekuwa kama uji. Na uji wenyewe, ukiwa mzito ukautia unga wa kimea, unakuwa mwepesi mbele ya macho yako: kimea kina amilasi, nayo hukata wanga kuwa sukari. Ndiyo siri ya togwa. Ni kwenye kimea cha shayiri Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walikotenga kimeng'enya cha kwanza, mwaka 1833. Hata hivyo watu waliendelea kubishana kwamba vitu hivi vimeumbwa na nini, hadi mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alipopata fuwele za kimeng'enya kiitwacho ureasi na kuonyesha kwamba ni protini.

Bwawani kazi ni ileile ya papai na kimea. Wapishi ndio tofauti: ni bakteria na kuvu.

Mwalimu, kwani bakteria wanashindwa kula tu? Kwa nini watoe vimeng'enya nje?

Wale kwa mdomo upi? Bakteria hana mdomo wala tumbo. Chakula chake lazima kipenye kwenye utando wa seli, na utando huo hupitisha vitu vidogo tu: molekuli yenye uzito usiozidi kama 600, kwa kipimo ambacho molekuli ya maji ni 18 na ya glukosi ni 180. Selulosi ya jani ni mnyororo wa glukosi mamia hadi maelfu zilizoshikana. Ni kama mtu amefungiwa chumbani, tundu pekee ni la ufunguo, na nje amewekewa muwa mzima. Hana budi kulitoa panga nje likaukatekate muwa, ndipo aufyonze kipande kwa kipande.

Na panga hilo ni ghali. Protini hutengenezwa kwa nitrojeni, na nitrojeni majini haipatikani ovyo. Likishatoka linaweza kusombwa, kunaswa na chembe za udongo, au kuliwa na bakteria mwingine, maana protini ni chakula. Kisha kuna wadoezi. Hawa hawatengenezi kimeng'enya chochote. Hukaa jirani na wanaofanya kazi, wakadaka sukari inapopita.

Ndiyo maana wengi wao hawaishi wakielea peke yao. Hujenga utando. Ule utelezi unaokuangusha ukikanyaga jiwe mtoni ni mtaa mzima wa bakteria, kuvu na mwani waliojifunika kwa ute wao wenyewe. Ndani ya ute huo vimeng'enya havipotei haraka, na sukari inayopatikana haiendi mbali. Siku moja ukwangue kwa ukucha, uuweke kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, utaona una tabaka: juu kijani, chini kahawia, na katikati chembechembe za jani ambazo tayari zimekuwa laini kama karatasi iliyolowa.

Viko vya aina ngapi?

Vingi mno kuvihesabu hapa. Kila kitu kinachooza kina vimeng'enya vyake, na mara nyingi kazi moja hufanywa na kikundi. Selulosi, kwa mfano, hukatwa na vitatu: kimoja hukata mnyororo katikati, cha pili hula kutoka ncha, cha tatu hugawa vipande vya sukari mbilimbili kuwa glukosi mojamoja. Kitini, yaani gamba la wadudu wa majini na vijikamba, kina kitinasi. Mafuta yana lipasi. Protini zina proteasi.

Pektini ndiyo gundi inayoshikanisha seli za mmea, na kazi ya vimeng'enya vyake watu wa pwani wameitumia kabla ya maabara yoyote. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope miezi kadhaa, kisha yakafukuliwa na kupondwa, na usumba ukatoka safi tayari kusokotwa kamba. Wakati makumbi yamelala topeni, bakteria wameyeyusha gundi wakaacha nyuzi. Nyuzi zinabaki kwa sababu zina lignini, ile inayoupa mti ugumu wake, na lignini ni jambo jingine kabisa, nitaifikia.

Kimoja nataka kukieleza zaidi kwa sababu hueleweka vibaya: fosfatasi. Hiki hunyofoa fosforasi kutoka kwenye mabaki. Wanafunzi hudhani maji yenye fosfatasi nyingi yana fosforasi nyingi. Ni kinyume chake. Mwani na bakteria huitoa kwa wingi pale fosforasi iliyo tayari inapokuwa adimu. Ukiona foleni ya ndoo bombani husemi maji ni tele mtaani, unajua yamepungua. Fosfatasi ni foleni ya ndoo. Watafiti wa maziwa huipima kwa sababu hiyo, kujua kama viumbe vya ziwa vina njaa ya fosforasi.

Jani likianguka majini linapitia hatua gani?

Chukua jani la mwembe na jani la lukina, yatie kwenye ndoo mbili za maji ya bwawa, uyatazame.

Siku ya kwanza na ya pili maji yanageuka rangi. Huo si uozo bado. Ni sukari, chumvichumvi na tanini zinazotoka zenyewe, kama majani ya chai kwenye birika. Siku zinazofuata jani linaanza kuteleza. Bakteria wamefika, na kuvu wamepenyeza nyuzi zao ndani ya jani. Katika vijito vyenye hewa kuvu ndio mafundi wakuu, kwa kuwa bakteria hufanya kazi juu juu, lakini uzi wa kuvu huingia katikati ya tishu na kutoa vimeng'enya humo humo. Baadaye lukina linabaki mishipa mitupu. La mwembe bado ni jani, gumu, limegeuka jeusi.

Tofauti hiyo ina sababu mbili. Lukina ina nitrojeni nyingi, na nitrojeni ndiyo mtaji wa kutengenezea vimeng'enya. Mwembe una tanini nyingi. Unajua ukakasi wa bibo, lile tunda la mkorosho linavyokukaza ulimi? Hapo tanini imekamata protini za mate yako. Hiyo hiyo ndiyo iliyofanya magome ya mkoko yasafirishwe kutoka pwani hii kwenda kulainishia ngozi viwandani: tanini hukamata protini ya ngozi, ngozi ikaacha kuoza. Sasa, kimeng'enya ni nini? Protini. Jani lenye tanini nyingi huwakaba mafundi wenyewe mlangoni.

Mtoni kuna msaada wa kaa wa maji baridi na wadudu wanaotafuna jani vipande. Wao hula zaidi ule utando na kuvu kuliko jani tupu. Jani lililokwisha kulainishwa ni tamu kwao zaidi ya jani bichi. Kila wanapolitafuna, sehemu mpya zinafunguka kwa vimeng'enya.

Lignini ina shida gani?

Haina mpangilio. Selulosi ni mnyororo unaojirudia, kwa hiyo kila kimeng'enya chake kinajua mahali pa kukata. Lignini imefumwa ovyo pande zote, haina mahali pamoja pa kushika. Vimeng'enya vinavyoiweza, kama lakasi yenye madini ya shaba ndani yake, havikati kwa mpangilio. Huiunguza polepole kwa msaada wa oksijeni. Hapo ndipo penye uzito: pasipo oksijeni, lignini karibu haiguswi. Gogo lililozama kwenye tope zito linaweza kukaa miaka na miaka, na lile lililo nusu majini nusu hewani linaoza pale pale kwenye mstari wa maji. Wenye ngalawa wanalijua hili kwa nguzo zao.

Mwaka 2001 Chris Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walieleza jambo hili kama kitasa. Kwenye ardhi oevu ya mboji isiyo na hewa, vimeng'enya vinavyohitaji oksijeni hulala, fenoli (kemikali za jamii ya tanini) zikajikusanya, na fenoli hizo zikavizuia hata vimeng'enya vingine ambavyo havihitaji oksijeni hata kidogo. Mlango mmoja umefungwa, nyumba nzima imekwama. Kwa hiyo mabaki yanarundikana, na kaboni inabaki ardhini.

Kwa nini tope la mikoko linanuka yai viza, na la bwawani halinuki hivyo sana?

Swali hili aliniuliza mvuvi wa Ghuba ya Tanga aliyekwenda kumsaidia nduguye kuvuna samaki bwawani Muheza, na nililipenda.

Oksijeni ikiisha topeni, kazi haisimami. Kuna bakteria wanaopumua kwa kutumia vitu vingine. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, kwa hiyo kwenye tope la mikoko wanatawala wanaotumia salfeti, na hewa wanayoitoa ni haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Ikikutana na madini ya chuma inafanya tope kuwa jeusi kama masizi. Maji baridi yana salfeti kidogo. Ikiisha, zamu inawafikia wengine ambao mwisho wa kazi yao ni methani, na methani haina harufu. Ukididimiza fimbo kwenye tope la bwawa la zamani, mapovu yanayopanda ni hayo.

Alessandro Volta alifanya hivyo hivyo mwaka 1776 katika Ziwa Maggiore, Italia: alitikisa tope kwa fimbo, akakinga mapovu kwenye chupa, akayawasha moto yakawaka. Kwa hiyo bwawa la maji baridi likianza kunuka yai viza kwa nguvu, chukulia kwamba tope limelemewa, upunguze chakula na mbolea siku hiyo hiyo.

Samaki wangu wamekufa alfajiri. Jana jioni walikuwa wazima. Je, ni sumu?

Mara nyingi si sumu. Wamekosa hewa, na mzizi wake ni kuoza.

Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku hautoi, unavuta kama wengine, na bakteria wa topeni hawalali. Saa kumi na moja alfajiri ndipo oksijeni inakuwa chini kuliko wakati wowote. Ukiwakuta perege wamepanda juu wanahema kwa midomo wazi, huo ndio wakati wenyewe.

Twende kwenye hesabu, maana hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha mimi. Bwawa la mita 10 kwa 20, kina mita 1, lina lita 200,000. Maji ya nyuzi 30, yakiwa yameshiba hewa kabisa, yana kama miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita. Zidisha: gramu 1,500. Bwawa zima lina kilo moja na nusu tu ya oksijeni! Kuivunja sukari hadi mwisho kunahitaji oksijeni yenye uzito unaozidi kidogo ule wa sukari yenyewe. Maana yake, kama hewa mpya isingeingia, sukari isiyofika hata kilo moja na nusu ingemaliza oksijeni yote ya bwawa lile. Sasa fikiria gunia la mbolea ya kuku lililomwagwa mara moja, au pumba zilizolala chini bila kuliwa.

Na joto letu linaongeza uzito. Kwa kawaida kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya vimeng'enya hukaribia kuwa maradufu. Wakati huohuo maji ya moto hushika hewa kidogo: nyuzi 20 yangeshika kama miligramu 9.1 kwa lita, nyuzi 30 ni hizo 7.5. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Vitabu vingi vya ufugaji wa samaki viliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kipimo cha mbolea cha huko usikichukue kama kilivyo.

La kufanya asubuhi hiyo: acha kulisha, ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ili yavute hewa, na kama huna mfereji, watu wawili na ndoo wakichota na kumwaga kwa kishindo wanaweza kuokoa samaki wengi kabla jua halijapanda. Nimeshafanya hivyo na wanangu. Mikono iliuma siku mbili, na tuliokoa zaidi ya nusu.

Kuna paketi za vimeng'enya vya kula tope. Ninunue?

Nilinunua. Duka la pembejeo waliniambia nikimwaga kila wiki, tope litapungua lenyewe. Nilitia bwawa moja, la pili nikaliacha. Nilipima tope kwa fimbo yenye alama, sehemu tano kila bwawa. Baada ya wiki sita tofauti haikuonekana, na fedha ilikwisha kwenda.

Sikupaswa kushangaa. Paketi ya gramu 250 katika lita 200,000 ni miligramu 1.25 kwa lita, hata kama yote ingekuwa kimeng'enya kitupu. Ukishatia, bakteria wa bwawa wanakiona kama protini ya kula. Na tope lenyewe halikuwa na upungufu wa mafundi: mililita moja ya tope la bwawa inaweza kuwa na bakteria bilioni na zaidi, wote na vimeng'enya vyao. Kilichokosekana kule chini ni oksijeni, na paketi haikuwa nayo.

Vimeng'enya vya dukani vina mahali pake. Kwenye sabuni ya unga, kwenye viwanda vya ngozi na vya nguo, kiasi ni kikubwa na chombo ni kidogo, kwa hiyo vinafanya kazi. Bwawa si chombo kidogo.

Msimu uliofuata, baada ya kuvuna, nililikausha bwawa lile hadi tope likapasuka kama ngozi ya kiatu cha zamani, nikatia chokaa, nikaliacha juani wiki mbili. Hewa iliingia kwenye nyufa. Tope lililokuwa jeusi likageuka kahawia, likawa jepesi, halinuki, na fimbo ikaonyesha limepungua. Vimeng'enya vilevile vilivyokuwa vimelala humo viliamka bila mimi kununua chochote zaidi ya chokaa.

Maji ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, yanaua vipi mto, na mkonge ni mmea wa asili?

Kwanza, kwetu si wa asili. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai ikapandwa upande wa Pangani. Lakini hata ungekuwa wa hapa, jibu lisingebadilika. Uasili wa kitu hauoneshi kama mto unaweza kukimudu.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, singa zinazotoka ni kama sehemu 4 au 5 tu kwa 100 ya uzito wa jani. Kinachobaki ni nyama ya jani na maji yake, vyenye sukari na pektini, vile vitu ambavyo vimeng'enya huvikata kwa haraka kuliko vyote. Hapo ndipo penye ubaya. Gogo lingeoza kwa miaka na mto usingejua. Maji ya mkonge yanaoza kwa saa na siku, oksijeni yote inavutwa kwa mara moja, na samaki wa chini ya mfereji hawana pa kukimbilia. Kasi ya kuoza ndiyo inayoua.

Kasi hiyo hiyo ikifungiwa kwenye tangi lisilo na hewa inatoa methani ya kuendesha mitambo. Miaka ya 2000 kule Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa majaribio wa biogesi ya mabaki ya mkonge wenye kuzalisha umeme. Kwangu ile ni mojawapo ya kazi za heshima kubwa zilizofanyika mkoa huu, na ningependa kila mwanafunzi wa sayansi wa Tanga aelewe ulivyofanya kazi.

Na maziwa makubwa? Kule nako ni hivi hivi?

Vimeng'enya ni vya namna ileile, ila kina kinabadilisha hadithi. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, na oksijeni inafika kwenye tabaka la juu tu, kiasi cha meta 100 hadi 200 kutegemea sehemu. Nyasa nalo chini halina oksijeni. Kila kinachokufa juu huzama, njiani kikikatwakatwa, na virutubisho vyake hujikusanya gizani ambako mwani haufiki. Ndipo upepo wa kusi unapokuwa na maana hata kwa mvuvi wa bara: kuanzia Mei huyasukuma maji ya juu ya Tanganyika kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye virutubisho huibuka upande wa kusini. Dagaa wa Kigoma unaowanunua sokoni Tanga wametoka katika ziwa lililolishwa kwa njia hiyo.

Victoria ni pana lakini halina kina kirefu, kama meta 80 mahali pa mwisho. Gugu maji lilipoenea huko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, shida haikuwa kuziba njia za mitumbwi peke yake. Gugu likifa huzama, na kuoza kwake huvuta oksijeni kwenye ghuba ambazo maji yake hayachangamki.

Maji ya bomba yakija na rangi ya chai, vimeng'enya vitanidhuru?

Havitakudhuru, ukivinywa, tumbo lako litavimeng'enya kama protini nyingine. Rangi ni mabaki ya mimea ambayo vimeng'enya vilishindwa kuyamaliza. Mabaki hayo hushika hata vimeng'enya vyenyewe na kuvilaza, hadi mwanga wa jua utakapovifungua.

Wasiwasi uko kwingine. Mabaki hayo yakikutana na klorini hutengeneza kemikali zisizotakiwa, jambo ambalo Johannes Rook aliligundua kwenye maji ya Rotterdam na kulichapisha mwaka 1974. Tena hula klorini iliyokusudiwa vijidudu. Kwa hiyo mitambo ya maji hutangulia kutia shabu au dawa nyingine ya kugandisha, uchafu ukazama, ndipo klorini ifuate. Nyumbani fuata utaratibu huo huo: tuliza maji, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha. Usiongeze vidonge vya klorini juu ya maji yenye rangi ukidhani umeyasafisha.

Mifuko ya plastiki je?

Bado hatuna fundi wa kutegemea. Mwaka 2016 Wajapani walitangaza bakteria mwenye kimeng'enya kinachokata plastiki ya chupa za maji, lakini ni aina hiyo moja ya plastiki, na kazi yake ni ya polepole. Mifuko ya rambo tuliyoipiga marufuku Juni 2019 ni plastiki nyingine. Ile iliyoingia Zigi kabla ya hapo bado imo.

Basi niokote majani yote bwawani?

La. Punguza yanayoingia kwa mkupuo, hasa baada ya kufyeka. Machache yaache, ni chakula cha wengi.

Ninaweza kupima kasi ya kuoza bila maabara?

Ndiyo, kwa kitambaa. Watafiti wa mito hutumia vipande vya pamba tupu kwa kuwa pamba karibu yote ni selulosi. Nguvu ya kitambaa ikipungua, selulasi, yaani vimeng'enya vya kukata selulosi, imefanya kazi. Sisi tunatumia kitambaa cha marekani. Kifue kwanza kwa maji ya moto kutoa wanga wa kiwandani, kikate vipande vya sentimita 3 kwa 15 vilivyofuata uzi, uvifunge kwa mshipi wa nailoni. Mwaka wa kwanza tulifungia kamba ya mkonge. Nayo ikaoza, vitambaa vikapotea.

Weka vingine penye maji yanayoingia, vingine katikati, vingine uvididimize kabisa topeni. Baada ya wiki tatu vitoe, visuuze taratibu, vikaushe kivulini. Kisha kining'inize kipande kimoja kimoja kwenye msumari, uning'inize chupa za maji za lita moja, ukiongeza moja baada ya nyingine hadi kikatike. Lita moja ni kilo moja, hesabu yake hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Mara ya mwisho tulipofanya, binti mmoja wa kidato cha pili alikishika kipande cha penye mfereji, kikamkatikia mkononi kabla hajafika kwenye msumari. Kile cha topeni kilikuwa cheusi tii, tukadhani kimekwisha. Kilibeba chupa saba.